Kubadilishiwa Goti Ukitokea Kigoma: Anza na Choo, Nauli Itafuata

Mama yangu alianza kuanika dagaa pale Kibirizi kabla mimi sijazaliwa. Ni kazi ya kuinama, kuchuchumaa na kuinuka na sinia kichwani, na mwisho wake goti la kulia likasagika. Mwaka wa mwisho kabla ya upasuaji, akitoka nyumbani Ujiji kwenda barabarani alikuwa anasimama mara tatu njiani, kila mara anajifanya anasalimia mtu. Watu wakamsifu kwa ucheshi. Kumbe maumivu.

Alibadilishiwa goti na sasa anatembea. Hapo katikati tulikosea mengi, na karibu yote tuliyakosea nyumbani, si hospitali. Daktari alimaliza kazi yake kwa muda usiofika saa mbili. Kazi iliyobaki ilituchukua miezi mitatu na ilitukuta hatujajiandaa. Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea upande wa nyumbani. Nimemwandikia mtu wa Kigoma anayempeleka mzazi wake, ila wa Tabora naye utamfaa, maana reli yetu ni moja na vyoo vyetu vinafanana.

Kwanza, je, goti linahitaji kisu?

Ukisema goti linauma, jirani atakwambia "ute umekwisha". Kinachokwisha hasa ni gegedu, lile tabaka jeupe linaloteleza kwenye ncha za mifupa. Ukila paja la kuku utaliona mwishoni mwa mfupa. Likisagika, mfupa unakutana na mfupa. Eksirei inaonyesha nafasi ya katikati imebana, lakini omba picha ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Akipigwa amelala, nafasi inaweza kuonekana bado ipo wakati akisimama haipo.

Picha mbaya peke yake si sababu ya kupasuliwa. Wapo wazee wenye picha za kutisha wanaotembea hadi Mwandiga na kurudi. Maswali ya kujiuliza ni haya: maumivu yanamwamsha usiku? Ameacha kwenda sokoni, msikitini, kanisani? Amejaribu kwa miezi kadhaa, tena kwa dhati, kupunguza uzito, kufanya mazoezi ya misuli ya paja, kutumia fimbo na kumeza dawa alizoandikiwa? Kama majibu yote ni ndiyo, ongea na daktari bingwa wa mifupa. Kama hajajaribu lolote zaidi ya diklofenaki za duka la dawa, aanze na hayo mengine. Tena diklofenaki za kila siku ziangalieni sana kwa mzee mwenye presha: zinachubua tumbo na kuumiza figo.

Umri nao unahesabiwa. Goti la bandia huchakaa kama kitu chochote chenye bawaba. Mengi hudumu miaka 15 hadi 20, na si machache yanayozidi hapo, kwa hiyo mtu wa miaka 45 huwa anaombwa avumilie kwanza ili asije akapasuliwa mara ya pili uzeeni.

Mkiambiwa mzee aingizwe kamera kwenye goti "lisafishwe", ulizeni mara mbili. Upasuaji wa matundu madogo una kazi zake, lakini kwa goti lililosagika kwa uzee utafiti umeonyesha tena na tena kwamba kusafisha hakumsaidii mgonjwa kuliko mazoezi.

Kijana aliyekatika mshipa wa ndani wa goti akicheza mpira ana habari nyingine kabisa. Yeye hubadilishiwa mshipa, si goti, na asirudi uwanjani kabla ya miezi 9 hata kama anajisikia simba. Mengi ya hapa chini kuhusu kidonda na usafiri yanamhusu, ila ratiba ya mazoezi achukue kwa daktari wake.

Mambo ya kuacha mapema

Chale. Kwetu goti likivimba, kuna mtu atajitolea kulichanja na kupaka dawa. Sina ugomvi na waganga, lakini goti linalosubiri chuma halitakiwi kuwa na mchubuko hata mmoja, maana kijidudu kikiingia kwenye goti la bandia kukitoa ni kazi kubwa, wakati mwingine goti lote linatolewa. Kuchua kwa mawese ya moto nako tuliacha, baada ya mama kuungua ngozi kidogo na tarehe kusogezwa mbele.

Sindano ya ndani ya goti, ile ya kutuliza uvimbe, nayo mtajie daktari. Mara nyingi hutakiwa ipite miezi 3 tangu sindano ya mwisho ndipo apasuliwe. Mama alikuwa amechomwa moja na hakutuambia, akidhani ni siri yake na dispensa.

Meno mabovu yatibiwe kabla. Ndiyo, meno: wadudu wa jino lililooza husafiri kwenye damu. Sukari na presha vishushwe hadi daktari aridhike, si hadi familia iridhike. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla, kidonda kitamshukuru. Dawa zote anazotumia, na za miti shamba zikiwemo, ziorodheshwe kwenye karatasi moja, hasa zinazofanya damu iwe nyepesi.

Barua, bima na hospitali

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa: Maweni, au Kitete kwa mtu wa Tabora. Hata kama una hela za kwenda moja kwa moja Dar, barua ya rufaa ni ufunguo wa bima, na vipimo vya awali (wingi wa damu, sukari, figo, moyo) vinaweza kufanyika karibu na nyumbani. Mgonjwa akikutwa na upungufu wa damu, bora ijulikane Kigoma kuliko ijulikane ukiwa umeshalipa nyumba ya wageni Dar.

Wengi wetu huishia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Bugando kule Mwanza, au Benjamin Mkapa Dodoma. Wa Igunga na Nzega wana Nkinga jirani. Kabla ya kukata tiketi, piga simu ya hospitali uulize vitu vitatu: kliniki ya mifupa ni siku gani, foleni ya upasuaji wa kubadilisha goti ina urefu gani, na goti lenyewe linapatikana hospitalini au mgonjwa analinunua. Swali la tatu ndilo ghali.

Makadirio yaandikwe. Omba yaonyeshe goti, wodi, dawa, damu na mazoezi, kila kimoja na bei yake, ndipo upeleke kwenye bima uulize wanabeba kipi. Kibali cha bima kipatikane kabla ya tarehe ya upasuaji. Usikubali kuambiwa "tutamalizana baadaye". Baadaye mgonjwa ana mshono na wewe ndiye unayezunguka na mafaili. Halafu tenga fungu la wiki mbili hadi tatu za kukaa mjini baada ya kuruhusiwa. Sisi hatukutenga, tukaokolewa na kikoba cha mama.

Damu nayo itafutiwe watu. Ndugu wawili watatu walioko mji huo waombwe mapema wachangie. Usisubiri simu ya usiku.

Sasa nyumba, kabla hata ya kukata tiketi

Hapa ndipo tulipoanguka. Tuliondoka Ujiji tumefikiria kila kitu isipokuwa choo, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu mwenye goti jipya hachuchumai: si wiki ya pili, si mwezi wa pili, na kwa magoti mengi ya bandia hatachuchumaa tena kama zamani. Tuliporudi, mama alikaa siku mbili anakwepa kwenda haja kubwa kwa kuogopa lile tundu. Dawa za maumivu zilishamfunga choo, na yeye akajifunga zaidi.

Nenda kwa fundi seremala mwambie akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu, kisicho na sehemu ya chini, cha kuwekwa juu ya tundu la choo. Urefu wake ni wa goti la mgonjwa au kuzidi kidogo. Kwa wengi inaangukia sentimita 45 hadi 50. Kiwe na mikono pande zote mbili, mipana, ya kuegemea wakati wa kuinuka. Miguu yake isimame kwenye sakafu kavu na isiteleze. Watu hutoboa kiti cha plastiki. Kinapunguza gharama, ndiyo, mpaka siku mguu wake mmoja utakapopinda na mzee amekaa. Mlango wa choo nao upimwe: fremu ya kutembelea inapita? Wetu haukupita. Ilibidi mlango ung'olewe na kuwekwa pazia.

Kitanda kipandishwe kwa matofali mpaka mgonjwa akikaa ukingoni nyayo zinagusa chini na mapaja hayazami. Kama chumba chake kina ngazi, ahamie sebuleni. Mikeka, mazulia, nyaya na viatu vya wajukuu vyote viondoke kwenye njia ya kwenda chooni, na taa ya usiku iwepo hata ya sola. Chandarua ni tatizo ambalo hakuna aliyetuonya: kikichomekwa chini ya godoro, mgonjwa akitaka kutoka saa nane usiku peke yake kinajisokota kwenye miguu ya fremu. Upande wa kutokea acha kining'inie, uzito wa kitambaa chini unatosha.

Tafuta kiti kimoja kigumu chenye mikono, si sofa. Sofa humeza watu.

Halafu tafuta mtu, hili kuliko yote. Wiki mbili za mwanzo nyumbani zinahitaji mtu mzima mmoja anayelala humo humo. Awe mtu ambaye mgonjwa haoni haya kumwita akiwa uchi, na anayeweza kumwambia "hapana" akitaka kukwepa mazoezi. Sifa ya pili ni adimu kwetu, kwa sababu tumelelewa kutowabishia wakubwa.

Siku ya upasuaji

Chakula kinakoma angalau saa 6 kabla, maji meupe yanaruhusiwa mpaka muda watakaokutajia, mara nyingi saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Mama alitaka kuibia kikombe kimoja alfajiri, muuguzi akamwona.

Daktari atachora alama kwa kalamu kwenye mguu unaopasuliwa. Mgonjwa awe macho wakati huo na aseme mwenyewe ni upi. Fomu ya ridhaa isomwe ndipo isainiwe. Wengi hupigwa ganzi ya mgongo: kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii, lakini yuko macho au anasinzia. Akihofia kusikia nyundo, aseme, atapewa dawa ya kumlaza. Wengine hupewa nusu kaputi, hilo ni la daktari wa usingizi kuamua.

Na nyundo ipo kweli. Daktari anakata ncha zilizosagika za mfupa wa paja na wa muundi, milimita chache tu, anavika kofia ya chuma juu na sahani ya chuma chini, katikati anaweka plastiki ngumu inayofanya kazi ya gegedu. Mara nyingi vyuma hugandishwa kwa saruji maalumu. Kwa hiyo "kubadilishiwa goti" ni kama kubadilisha soli, kiatu kinabaki kilekile. Nilimweleza mama hivyo, akatulia kuliko alipotulia kwa maelezo yote ya kitaalamu, maana yeye alidhani mguu unakatwa kwanza kisha unaunganishwa.

Hospitali, siku za mwanzo

Atasimamishwa siku ileile au kesho yake. Familia hushtuka: "Jamani, si mumwache apumzike!" Msiwazuie. Damu inayolala mguuni huganda, na donge likipanda kwenye mapafu linaua. Ndiyo sababu pia anachomwa sindano tumboni au kupewa vidonge vya kuzuia kuganda, na mara nyingi huendelea navyo nyumbani kwa wiki kadhaa. Kama ni sindano, jifunze kuchoma ukiwa bado wodini. Unabana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, unaingiza wima, unasukuma polepole. Mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka kuliko wa mgonjwa.

Dawa za maumivu zinywewe kwa saa zake, zisisubiri maumivu yapande. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na kumbuka panadol na parasetamoli ni dawa moja yenye majina mawili. Dawa kali kama tramadoli huleta kichefuchefu na kufunga choo. Papai, mboga za majani na maji mengi vianze siku hiyohiyo.

Kabla hujakubali kuondoka wodini, mgonjwa awe anaweza kutoka kitandani, kutembea na fremu au magongo hadi chooni, na kupanda kingazi kimoja. Kanuni ya ngazi ni fupi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Wape wasaidizi wote waikariri.

Omba makaratasi: barua ya kuruhusiwa, maelezo ya upasuaji, na nakala ya zile lebo za goti lenyewe zinazobandikwa kwenye faili. Miaka 15 baadaye daktari mwingine atataka kujua ni goti la aina gani. Mwombe pia mtaalamu wa mazoezi akuandikie mazoezi. Sisi tuliruhusiwa Ijumaa jioni bila karatasi ya mazoezi, tukategemea kumbukumbu ya mama, na mama alikumbuka yale yasiyouma tu.

Mjini, kisha safari

Usikimbilie kurudi Kigoma. Kaa karibu na hospitali mpaka nyuzi zitoke, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14, daktari aone mshono, ndipo umuulize kuhusu safari. Kukaa muda mrefu bila kujongea, iwe ndani ya basi, treni au ndege, kunaongeza hatari ya damu kuganda, na kutoka Dar kwa reli ni zaidi ya siku nzima.

Kwa treni, kata daraja la kulala na udai kitanda cha chini. Kila saa akiwa macho ainuke, atembee kwenye korido akishikwa, na akiwa amekaa acheze vifundo vya miguu juu na chini kama anayekanyaga pedali. Anywe maji ingawa choo cha treni kinachosha. Hapo ndipo watu huacha kunywa, na hapo ndipo damu inazidi kuwa nzito. Kwa ndege, omba kiti cha njiani, upande ambao mguu uliopasuliwa utanyooka kuelekea njia. Basi la moja kwa moja mimi singempandisha mtu wa wiki ya tatu, labda ukate safari na kulala njiani. Na kwa taarifa yako, goti la chuma hulia kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Mama alifurahi sana.

Nyumbani: wiki sita zinazotengeneza goti

Siku tuliyofika, mama mdogo wetu alikuja na mto laini wa sufi akauweka chini ya goti. Kwa upendo kabisa. Goti likakunjika kidogo juu ya mto, maumivu yakapungua, mama akalala usingizi mzuri. Ikawa hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi tulipomlaza bila ule mto, goti halikugusa godoro. Mkono wangu ulipita chini yake ukiwa umekunjwa ngumi.

Goti jipya linaganda katika mkao linaoachwa nao. Likiganda limekunjika, mtu atachechemea maisha yote, atachoka haraka, na mgongo utaanza kulalamika. Tulihangaika karibu wiki tano kuurudisha ule unyoofu uliopotea kwa siku tisa. Kwa hiyo mto uwekwe chini ya kisigino na nyama ya nyuma ya mguu, na nyuma ya goti pabaki hewa. Goti litajivuta chini kwa uzito wake. Litauma. Dakika 10 mara kadhaa kwa siku zinatosha mwanzoni.

Watu wote huuliza "anakunja kiasi gani?" Hakuna anayeuliza "ananyoosha?" Uliza la pili kwanza.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kukaza paja: amelala, mguu umenyooka, abonyeze nyuma ya goti kwenye godoro kama anaua mdudu, ahesabu mpaka 5, aachie, mara 10. Kuburuta kisigino: avae soksi au uweke mfuko wa plastiki chini ya kisigino kiteleze, akivute kuelekea makalio mpaka pale panapokaza, ashikilie, arudishe. Akikwama, pitisha khanga chini ya unyayo avute mwenyewe kwa mikono. Kunyanyua mguu ulionyooka ni zoezi la tatu. Wiki ya kwanza ulimshinda kabisa, ya pili ulinyanyuka kimo cha kikombe. Akiwa amekaa kitini, aurudishe unyayo nyuma chini ya kiti, kisha asogeze makalio mbele bila kuachia unyayo; hilo ndilo lililotufikisha kukunja nyuzi 90. Nyuzi 90 ni kona ya mlango, huhitaji kifaa kuipima.

Seti tatu au nne kwa siku, nusu saa baada ya kidonge cha maumivu. Baada ya mazoezi, barafu. Hapa Kigoma barafu si shida, kila mtaa una mtu anauza za mfuko. Funga kwenye khanga, weka dakika 15 hadi 20, usiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Maji ya moto na kukanda, hapana, hata bibi akisisitiza. Uvimbe na joto la wastani vitakuwepo kwa miezi, hasa jioni, na ngozi ya upande wa nje wa kovu mara nyingi hubaki na ganzi. Hilo la ganzi halitishi.

Kidonda kibaki kikavu mpaka nyuzi zitoke na daktari aruhusu maji. Aogee amekaa kitini, mguu umefungwa mfuko. Usipake asali, majivu, wala unga wa kapsuli ya antibiotiki. Asali ya Tabora ni nzuri sana, ainywe kwenye uji.

Chakula hakina siri: migebuka, dagaa, maharage, mayai, kama kipo kipo. Kidonda hujengwa na vyakula hivyo kuliko na soda za wageni wanaokuja kutoa pole.

Nao wageni wawekewe saa. Mama alikuwa anakaa sebuleni saa nne mfululizo akipokea pole, mguu unaning'inia, jioni umevimba kama gogo.

Usiku ambao hutakiwi kusubiri asubuhi

Nyama ya nyuma ya mguu ikivimba upande mmoja, ikawa ngumu na kuuma, au mgonjwa akibanwa kifua, akakosa pumzi ghafla, akakohoa damu: twende Maweni sasa hivi, kwa usafiri wowote. Usiuchue mguu huo hata kidogo.

Kidonda kikianza kutoa maji au usaha baada ya kuwa kilishakauka, wekundu ukasambaa, homa ikapanda na maumivu yaliyokuwa yanapungua yakageuka kuongezeka, nenda pia, na mpigie daktari aliyepasua. Usinunue antibiotiki dukani. Zinafunika moto bila kuuzima, na zikishaingia mwilini maabara inaweza kushindwa kumwona mdudu. Homa inaweza kuwa malaria, kweli, basi ipimwe, lakini goti lisisahaulike kwa sababu kipimo cha malaria kimetoka na mistari miwili, yaani ipo.

Kuanzia wiki ya sita

Karibu wakati huu fremu huachiwa fimbo moja. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kila mzee niliyemwona huishika upande wa mgonjwa, na kila mzee hubisha. Mwache atembee hatua kumi kwa kila mkono aamue mwenyewe.

Bajaji panda kwa kukaa kwanza kinyumenyume, kisha ingiza miguu. Bodaboda isubiri hadi mwezi wa tatu angalau, na mimi ningeisahau kabisa. Kazi za kukaa zinaweza kurudi wiki ya sita hivi. Za kusimama na kubeba, miezi mitatu. Mama alirudi Kibirizi mwezi wa tano baada ya upasuaji, kwa sharti moja: dagaa waanikwe kwenye vichanja vya urefu wa kiuno, siyo chini. Wenzake walicheka, halafu wawili wakajenga vyao.

Kupiga goti hakutaliharibu chuma, ila wengi hukuta kunawakera. Sala anaswali kwenye kiti, na imamu wa mtaani kwetu hakuona tatizo. Kilichokuwa kigumu kwake ni msibani. Kwenye matanga wanawake wanakaa jamvini, na yeye aliona aibu kukaa juu ya kiti wakati wakubwa zake wako chini. Mara ya kwanza alijilazimisha akakaa jamvini. Kuinuliwa kwake kulihitaji watu watatu. Sasa anabeba kigoda chake kirefu, anakaa karibu na mlango, na kabla hajaulizwa anavuta gauni juu kidogo anaonyesha kovu.

Kliniki za marudio ni karibu na wiki ya sita, kisha kama atakavyopangiwa, na mwaka mmoja ukitimia, eksirei nyingine. Goti huendelea kuboreka mpaka mwaka huo uishe. La kushoto kwa mama nalo limeshaanza kulia akipanda mlima wa Gungu, na daktari amesema lisubiri angalau la kulia litulie kabisa. Kiti cha choo tumekihifadhi stoo, kimefunikwa turubai.